To Kill a Mockingbird darasani: nyota nne

Nimeifundisha hii riwaya ya Harper Lee ya 1960 kwa wanafunzi wa sekondari na bado naipenda sana. Mwanzo unakokota jamani, watoto wanasinzia, ila mkifika kwenye kesi ya Tom Robinson, mtu mweusi anayeshtakiwa kumbaka binti wa kizungu, darasa zima linaamka. Pale anapoapa, mkono wake wa kushoto ulioharibiwa na mashine ya pamba unateleza kwenye Biblia, halafu yule binti anayemshtaki aliumia upande wa kulia wa uso, yaani aliyempiga yaelekea alitumia mkono wa kushoto, mwanafunzi mmoja akaropoka "sasa mwalimu si inaonekana kabisa hakufanya!" na bado wale wazungu wa baraza la mahakama wakamtia hatiani. Sikuhitaji hata kueleza ubaguzi wa Alabama miaka ya 1930.

Nyota moja nimekata kwa sababu Tom mwenyewe nje ya mahakama haongei karibu chochote, kila kitu tunakiona kwa macho ya mtoto mzungu, so wape na maandishi ya watu weusi wenyewe. Na lile tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi limejaa humo, msilisome kwa sauti, ongea na darasa kabla hamjafungua kitabu. Mimi mara ya kwanza sikufanya hivyo, kuna binti aliinamisha kichwa kipindi kizima, mpaka leo inaniuma.