Kidude cha kuunganisha deki na TV: niliuziwa cha kinyume, halafu nikatukaniwa deki yangu

Nimekaa na hasira hii siku kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa.

Mama ana kanda moja ya harusi yangu, ya mwishoni mwa miaka ya tisini, na ndani yake marehemu baba anatoa nasaha. Sauti yake haipo mahali pengine popote. Deki ya kuchezea kanda za video ni ile ile aliyoinunua mwenyewe zamani, kabla ya 1994, wakati huku Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha TV hata kimoja na wengi wetu TV ilikuwa ya kutazamia kanda tu. TV ya chogo ilipokufa nikamletea mama flati, na flati ile haina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, yale ya AV ambayo deki inatumia. Ina HDMI, tundu bapa la vifaa vya kisasa.

Nikaenda Kariakoo, mwezi uliopita au ule wa kabla yake. Nikamweleza kijana wa duka taratibu kabisa: picha inatoka kwenye deki, inaingia kwenye TV. Akanipa kidude cheusi kwa 25,000, hata kukijaribu hakukijaribu. Nyumbani nikachomeka kila kitu, mama keshakaa mbele na khanga yake, TV inaniandikia haipati mawimbi. Nikabadilisha waya. Nikafungua deki nikasafisha hedi kwa spiriti. Wapi! Mama alisubiri mpaka usiku, akaenda kulala bila kusema neno.

Kesho yake nikairudia safari, kidude mfukoni, deki nimeifunga kwenye kitenge. Kijana hakuvigusa. "Bosi, kidude kizima, deki ndiyo mbovu. Hiyo takataka, kauzie vyuma chakavu." Wateja wakacheka. Akaninyooshea bango la ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Takataka! Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Nikiitupa hii, mpya nitaitoa wapi? Ningeandika siku ile ningewaambia vidude hivi vyote ni wizi, msinunue.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja fundi redio, meza yake haiko mbali na duka lile. Alikigeuza kidude, akauliza, "Kaka, ulisoma kilichoandikwa hapa?" HDMI2AV. Kumbe hicho ni cha kutoa picha kwenye kifaa kipya kuipeleka kwenye TV ya chogo! Mimi nilihitaji AV2HDMI. Kwa macho ni mapacha, matundu yale yale, ila picha inapita upande mmoja tu, hairudi. Akanionyesha na alama nyingine: changu kilikuwa na swichi ya PAL na NTSC, kinachofaa deki kina swichi ya 720 na 1080. Basi, ni hayo tu. Na yule kijana anauza vitu hivi kutwa kucha.

Nikanunua kwa dada. Akanisisitizia nichomeke na ule waya wa USB, kwenye TV au kwenye chaja ya simu, kwa sababu bila umeme wake kidude hakifanyi kitu. Picha ikaja. Baba alitokea mnene, mfupi, maana TV iliivuta picha mpaka pembeni. Nikaingia kwenye mipangilio nikaweka 4:3, umbo la picha la TV za zamani, akarudi mwembamba kama alivyokuwa.

Kwa hiyo kidude ni kizuri. Kizuri sana, nafuta niliyokuwa nayo moyoni. Chenga zipo na chini picha inatikisika, lakini hiyo ni kanda, si kidude. Nilikusudia kuandika kwamba na kijana nimemsamehe, huenda hakujua. Hapana. Kutojua ningemsamehe. Alimwona mtu mzima kabeba deki kwenye kitenge kutoka Mbagala, akaiita takataka mbele za watu. Duka lile sikanyagi tena, na ndugu zangu nimewakataza.

Mama ameitazama nasaha mara tatu mfululizo. Mara ya nne aliniambia niongeze sauti pale baba anapomtaja jina. Kanda imeanza kukwaruza papo hapo, kwenye jina. Inabidi ihamishiwe kwenye flashi upesi, na safari hii naanzia kwa yule dada.