Vitu vya kale kwenye meza ya kazi: uzoefu wangu

Mimi ni mhariri, kazi naifanyia nyumbani, Dar es Salaam. Meza yangu ni ya mninga, inatosha kompyuta mpakato, daftari na kikombe, na nafasi kidogo inabaki. Nafasi hiyo nimekuwa nikiipamba kwa vitu vya zamani. Vingi nimevipata kwenye maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, Zanzibar, hasa kando ya mtaa wa Gizenga, vichache Kariakoo, na kimoja mtandaoni. Ninachokidai kwa kila kitu, ukiacha sarafu, ni kwamba kiwe bado kinafanya kazi yake: kidau kishike wino, saa ihesabu muda, taa iwake. Cha kutazamwa tu sikipi nafasi mezani, hata kiwe kizuri namna gani.

Nianze na taipureta, maana ndiyo niipendayo kuliko vyote. Ni Olivetti Lettera 32, modeli iliyotoka mwaka 1963, umbo lake likiwa limebuniwa na Marcello Nizzoli. Rangi yake ni ya buluu inayoelekea kijani, ni fupi kwa kimo, na inaingia kwenye mkoba wake wa zipu. Nilipomwamkia mzee mwenye duka na kumwambia naitaka, aliingiza karatasi yeye mwenyewe, akaniambia, "Ipige herufi zote, mwanangu, halafu ndiyo tuzungumze bei." Nilipiga zote. Wewe pia fanya hivyo, na usiishie kwenye herufi. Isukume ile sehemu inayobeba karatasi mpaka mwisho wa mstari usikie kengele ikilia. Jaribu kitufe cha nafasi, jaribu herufi kubwa uone kama zinakaa mstari mmoja na ndogo. Kisha bonyeza kwa ukucha lile gogo la mpira ambalo karatasi huzungukia. Mpira ukizeeka hukauka ukawa mgumu, na herufi zinaanza kutoboa karatasi. La kwangu limekauka kiasi, kwa hiyo naweka karatasi ya pili nyuma ya ile ninayochapa, na maandishi yanatoka safi.

Utepe wa wino haukunisumbua kama nilivyohofia. Upana wake ni ule wa kawaida wa milimita 13, na bado unatengenezwa. Usafi ndio unaohitaji mkono wa taratibu: ile mikono ya herufi inasuguliwa kwa mswaki na spiriti kidogo. Pale inapokutania katikati usitie mafuta kabisa, hata yale mepesi ya cherehani, kwa sababu yatashika vumbi na baada ya muda herufi zitaanza kukwama. Kwa taipureta hii nachapa anwani za bahasha na barua ninazotaka zisomwe polepole. Mashine haina ujumbe unaoingia katikati ya sentensi, na naona tofauti kwenye ninachokiandika.

Kidau changu ni cha kioo kizito chenye kifuniko cha shaba ya manjano. Ukienda kununua vitu vya shaba, chukua sumaku ndogo mfukoni. Shaba halisi haivutwi na sumaku. Ikinasa, ujue ni chuma kilichopakwa. Jaribio hilo limeniokoa mara nyingi, nami nalifanya mbele ya muuzaji bila kificho, waaminifu hawachukii. Kusafisha natumia ndimu na majivu, kama masinia yanavyosuguliwa nyumbani kwetu, lakini kwa nadra. Ule weusi mwembamba unaokaa kwenye michoro ndio unaofanya nakshi zionekane, na ukiung'oa wote kitu kinabaki kama kimetoka kiwandani jana.

Na vipo kweli vilivyotoka kiwandani jana. Dira, darubini za mabaharia na gramafoni zenye pembe kubwa ya shaba zimejaa madukani, nyingine zikiwa na tarehe ya zamani na jina la London vilivyochongwa juu yake. Nyingi za aina hiyo hutengenezwa India siku hizi. Hakuna ubaya kuinunua ukiipenda, mradi ulipe bei ya kitu kipya. Mimi hutazama skrubu. Zikiwa zote zinafanana, zinang'aa, na hazina alama ya bisibisi, hiyo dira haijawahi kupanda jahazi.

Ninachokishauri kwa mwenye bajeti ndogo ni sarafu. Niliyo nayo ninayoithamini zaidi ni senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, yenye tundu katikati na pembe za ndovu zilizopinda kulizunguka. Ina jina la Edward VIII, mfalme aliyekalia kiti mwaka huo huo na kujiuzulu kabla haujaisha, hata kutawazwa hakutawazwa. Kwao Uingereza hakuna sarafu yake iliyotolewa rasmi kwa matumizi. Huku kwetu senti zenye tundu zilibeba jina bila sura, kwa hiyo zilipigwa na watu wakazitumia. Kitu kidogo hivi, bei yake haifiki ya chakula cha mchana mjini, na kimebeba historia ambayo masanduku makubwa hayana. Ya pili ni pesa ya shaba nyekundu ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar: upande mmoja mizani, na mwaka wa Hijria 1299, yaani 1881 au 1882. Zote mbili ziko kwenye kisahani cha kalamu, nazishika ninapofikiri. Tafadhali usizisugue sarafu za zamani kwa ndimu wala kwa chochote. Zikishang'arishwa, mkusanyaji hazitaki tena.

Taa ni chemli. Sikukubali itobolewe. Fundi umeme wa mtaani alinitengenezea kishikio cha balbu ndogo ya LED kinachokaa pale penye utambi, na waya unapita chini. Nikitaka kurudisha utambi na mafuta ya taa, narudisha. Mwanga wake ni wa njano na mpole, hautoshi kusomea, ila jioni unalituliza jicho linalotoka kwenye skrini.

Saa ya kengele, ile ya kutia ufunguo, ndiyo niliyoinunua mtandaoni, na ilifika ikiwa na kioo kilichopasuka; muuzaji alinirudishia nusu ya fedha. Tahadhari yangu hapa haihusu kioo. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 kumalizika, zile ambazo namba zake zilikuwa ziking'aa gizani, zilipakwa rangi yenye radiamu. Mng'ao huisha, lakini radiamu yenyewe inabaki, kwani inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Usiifungue, usikwangue namba, usiwape watoto waichezee. Ya kwangu ina namba za wino mweusi wa kawaida, na niliichagua kwa sababu hiyo.

Simu ya kuzungusha namba niliiazima kwa rafiki nione itakavyokaa. Nzuri, nzito, imemeza robo ya meza, na nyumbani sina laini ya kuiunganisha. Nikamrudishia.

Kuna vitu ambavyo sivigusi kabisa, na naomba nawe usivinunue: visu vya kufungulia barua vya pembe za ndovu na masanduku ya magamba ya ng'amba, yule kasa wa baharini. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imepigwa marufuku tangu 1990, na kusema "hiki ni cha zamani" hakukusaidii uwanja wa ndege. Halafu, Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Muuzaji akikuapia kwamba kitu kina miaka mia mbili, muulize kibali chake.

Kwa wanaoishi pwani, hewa ya chumvi ni adui wa kila siku. Taipureta naifunika kila usiku kwa kitambaa cha pamba, maana chini ya plastiki unyevu unanasa na chuma kinashika kutu. Visanduku vya mbao navigonga kwanza juu ya karatasi nyeupe kabla ya kulipa. Unga ukidondoka kwenye vitundu, wadudu bado wamo ndani, na hiyo mninga yangu sitaki waifikie.

Kwa sasa natafuta mizani ya kupimia barua, ya shaba, yenye mawe yake yote. Nimeziona kadhaa, na kila moja ilikuwa imepoteza jiwe dogo kuliko yote. Ukiwa unajua duka lenye iliyotimia, niambie.