TAHADHARI: Nimeuziwa plaiwudi ya dari kwa bei ya plaiwudi ya boti

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na aibu, sijui kipi kimezidi. Mimi niliyemcheka yule jamaa aliyetapeliwa injini mwezi wa tatu (mnaikumbuka) nimeingizwa mjini kweupe.

Ile mifuniko minne ya deki ya boti yangu niliyokuwa nawarushia picha, niliyoitengeneza kwa plaiwudi hiyo, imekufa. Wiki 6 tu! Jumapili tunarudi kutoka kisiwa cha Mbudya, upepo wa kusi umeamka, maji yanapanda juu ya omo (mbele ya boti) kama kawaida, mara shemeji anauliza kwa upole, "Hivi betri huwa inaoga?" Nikafungua mfuniko wa nyuma. Plaiwudi imefumuka kama mkate uliochovywa kwenye chai, ngama (maji ya chini ndani ya boti) imejaa, betri imezama nusu.

Nilivyopigwa ni hivi. Niliingia dukani saa nne asubuhi na orodha yangu: shiti 2 za milimita 12, bawaba 8, raba ya kuziba mifuniko mita 12. Nikamwambia muuzaji kabisa sitaki ile "marine board" ya mafundi wa zege, ile nyeusi inayong'aa ya kumwagia slabu. Akacheka. "Kaka, wewe unajua kazi yako. Wengine nawauzia hiyo hiyo wanaondoka wanafurahi." Nikavimba kichwa. Nadhani pale pale ndipo nilipokwisha.

Akamwita kijana, ikaletwa ndoo ya maji. Ndani kuna kipande cha plaiwudi, ukubwa wa kiganja, kimeota ukijani pembeni. "Hicho kina miezi 3 humo." Akanipa bisibisi nikichokonoe. Nilichokonoa, jamani! Nikakipinda gotini, nikakigonga sakafuni, hakikuachia. Ukingoni nikaona mistari ya gundi, myeusi, imenyooka, hakuna pengo hata moja. Ile ilikuwa plaiwudi ya kweli, hata leo naapa. Ila sikununua kile kipande.

Zangu zilitoka stoo ya nyuma, zimefungwa uso kwa uso, mhuri wa BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti) umekaa vizuri, kingo zote nne zimepakwa rangi nyekundu. Nikauliza rangi ya nini. "Kiwandani wanaziba unyevu usipenye safarini." Ina mantiki au haina? Niambieni nyie. Na duka lenyewe linauza skrubu za stenlesi, na mzee wa majahazi amekaa kwenye benchi anakunywa kahawa. Ungeshuku nini? (Yule mzee nilimuuliza baadaye. Alikuwa anasubiri daladala.)

Laki na themanini kila shiti. Nikalipa taslimu, maana alisema akitoa risiti ya mashine inabidi aongeze asilimia 18. Akaniandikia ya mkono: "plywood pc 2". Basi.

Sasa aibu yenyewe. Msumeno ulipopita katikati niliona. Gundi nyeupe kama maziwa, na tabaka la kati lina mapengo ya kuingiza kidole. Niliona kwa macho yangu haya, nikajiambia ni kona hiyo tu, nikajaza epoksi na vumbi la mbao. Mke wangu akauliza kama huwa zinakuwa na matundu. Nikamjibu vibaya.

Na nilijenga vizuri, msinicheke. Ukingo wa sentimita 5, mfereji wa kutoa maji kuzunguka, nikapaka chaki juu ya ukingo nikafunga mfuniko nione raba inagusa wapi, mstari ukatoka mzima. Nikamwagia maji ya mpira dakika 15, ndani pakavu kabisa. Matundu ya skrubu za bawaba ndiyo sikuyajaza epoksi kwanza, hilo ni kosa langu, maji yakapata mlango. Plaiwudi ya kweli ingenivumilia mpaka nigundue. Hii ilikunywa tu. Na ile raba nayo ni povu la vitundu wazi, lilishiba maji likawa linayadondosha taratibu juu ya betri.

Nilirudi na vipande kwenye gunia. "Mali ikishakatwa hairudi." Nikamwonyesha mhuri. Akasema si yeye aliyeupiga!

Huyu afungiwe duka. TBS (shirika la viwango) waende na msumeno wakate kila shiti iliyoko stoo kule nyuma. Na yeye apandishwe kwenye boti yangu bila boya, kusi likivuma, afue maji kwa kikombe cha kahawa cha yule mzee mpaka Mbudya. Nasema kweli. Betri laki tatu, na nilikuwa na watoto wawili ndani.

Mnaoniuliza dalili: kingo zilizopakwa rangi, risiti ya mkono, na ndoo. Ukiiona ndoo, ondoka. Mwambie akate kona ya shiti ile ile unayochukua, nenda nayo nyumbani uichemshe saa kadhaa kwenye sufuria. Tabaka zikiachia, hiyo ni ya dari. Raba iminye ndani ya maji kisha iminye tena nje. Ikitoa maji, mrudishie. Jina la duka sitaji hapa, anayelitaka tukutane Jumamosi, nitakuwa nakata mifuniko upya.

Bawaba nazo zimeanza kutoa kahawia kwenye pini, na aliniapia ni stenlesi. Sumaku ya kuzipima ninayo mezani. Sijaisogeza bado.