Picha za Sentinel-2: zinafaa kiasi gani kwa kazi za ardhi Kigoma?

Mimi ni mpima ardhi, ofisi yangu ipo Ujiji. Wateja wangu wengi ni vijiji vya kandokando ya ziwa: wanataka ramani za matumizi bora ya ardhi na, tangu maji yalipopanda 2020 na 2021, wanataka kujua ziwa limekula hadi wapi. Kwa kazi hizo natumia picha za satelaiti za Sentinel-2 kupitia tovuti ya Copernicus Browser, huduma ya Umoja wa Ulaya, na nazisifu kwa dhati.

Ni bure kabisa. Kutazama huhitaji hata akaunti. Ukitaka kupakua unajisajili tu. Wapo madalali wanaopita vijijini kuuza picha hizi hizi. Msiwape hela.

Ubora wake unaanzia kwenye chombo chenyewe. Ndani ya kila satelaiti mna darubini ya vioo vitatu vya kabidi ya silikoni, na fremu inayovishika ni ya kabidi hiyo hiyo, ili joto likibadilika vyote vitanuke na kusinyaa pamoja na picha isififie. Mwanga unapita kwenye tundu la kipenyo cha milimita 150 tu, kisha unagawanywa katika bendi 13, yaani mafungu ya rangi za mwanga, kuanzia buluu hadi infraredi tusiyoiona kwa macho. Waliobuni chombo hiki walichagua upana: kutoka kilomita 786 angani, kinapiga ukanda wa kilomita 290 kwa mpigo. Ndiyo maana satelaiti mbili zinatosha kutupitia kila baada ya siku 5. Upana huo una gharama yake: hata kwenye bendi zilizo kali zaidi, pikseli, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10 ardhini.

Bendi ninayoifungua kila mara ni ya nane, infraredi ya karibu. Maji huimeza, majani mabichi huirudisha, kwa hiyo ziwa linatoka jeusi tii na mimea inang'aa. Niliwahi kuweka picha ya 2016 na ya 2021 za bonde la Luiche mbele ya kamati ya kijiji. Mzee mmoja akaweka kidole kwenye weusi wa ile ya pili, akasema, "Hapa palikuwa na michikichi yangu." Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi, na kikao kikaingia moja kwa moja kwenye swali la nani apewe ardhi wapi.

Sasa kasoro. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni pikseli nne, basi. Mgogoro wa mpaka kati ya majirani usiulete huku, hapo ni kazi ya vipimo vya ardhini. Masika nayo ni shida, kuanzia Novemba hadi Aprili unaweza kupekua tarehe nyingi ukaona mawingu matupu. Na ukivuta karibu, ukingo wa wingu una mstari mwekundu upande mmoja na wa buluu upande mwingine. Kompyuta yako haina ubaya. Kila bendi huitazama ardhi kwa sekunde na pembe tofauti kidogo, hivyo kilicho juu sana au kinachokimbia, hata ndege, rangi zake haziangukii mahali pamoja.

Kutoka angani picha zinateremka haraka, nyingine zikipitishwa kwa miale ya leza hadi satelaiti ya EDRS inayozipokea na kuzirusha ardhini, kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa kasi ya hadi gigabiti 1.8 kwa sekunde. Kwetu zinakwama kwenye bando. Faili zima la eneo la kilomita 110 kwa 110 linaweza kukaribia GB moja, kwa hiyo chora kwanza eneo la kijiji chako, upakue hicho kipande tu. Chagua L2A, ambayo tayari imeondolewa athari za hewa, na utafute tarehe za Juni na Julai, kabla moshi wa mioto ya porini haujatanda.