Gitaa la umeme: umbo la zamani au modeli mpya?

Telecaster ya Fender ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1950, Les Paul ya Gibson ikaja 1952, Stratocaster 1954. Mpaka leo magitaa mengi ya umeme yanayouzwa ni hayo matatu au ndugu zao. Gibson ilijaribu sura ngeni mwaka 1958 kwa Flying V na Explorer, na wanunuzi wakazikwepa. Zilikuja kupendwa miaka mingi baadaye. Ndiyo maana mabadiliko mengi hufanywa mahali ambapo jicho halifiki, na hapo ndipo pesa yako inapofanya kazi vizuri zaidi.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni umbo la zamani lililorekebishwa. Pikapu, kifaa kilicho chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wao kuwa umeme, ikiwa ya koili moja ina sauti safi na kali, lakini huvuma ukiongeza nguvu ya amplifaya. Humbucker ni pikapu inayounganisha koili mbili ili mvumo ufutike. Yamaha Pacifica 112 ina pikapu mbili za koili moja na humbucker moja karibu na daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini), hivyo unapiga rithimu laini na solo nzito kwa gitaa moja. Anayeanza nampeleka hapo bila kusita. PRS SE Silver Sky ya 2022 inafuata njia ya Stratocaster kwa ukaribu zaidi: pikapu tatu za koili moja, umbo linalofahamika. Fender nayo, katika magitaa yake ya Player II, imeviringa kingo za ubao wa vidole, na kiganja hulitambua hilo mara moja.

Namba mbili ni Telecaster ya kawaida. Daraja halichezi, shingo imefungwa kwa skrubu, pikapu ni mbili tu. Haina pa kujificha: ukikosea inasikika, ukipatia inasikika. Naipenda kwa sababu hiyo. Squier, tawi la Fender la bei nafuu, hutengeneza Classic Vibe, na sioni haja ya mwanafunzi kutafuta zaidi ya hapo.

Namba tatu, familia ya Les Paul. Urefu wa uzi unaolia ni takribani milimita 628, wakati Fender ni 648, kwa hiyo nyuzi ni laini kidogo na kuzivuta ni rahisi. Sauti inakaa muda mrefu. Ila mwili wake ni mzito begani, na kichwa, penye vifunguo vya nyuzi, kimelazwa nyuma; gitaa likianguka, shingo huvunjika hapo. Nunua na kasha gumu. Epiphone, iliyo chini ya Gibson tangu 1957, inatosha wengi.

Nne ni sura mpya kama Yamaha Revstar, iliyotoka 2015 na mwili wake kutobolewa vyumba vya ndani 2022. Gitaa zuri sana. Nimeliweka chini kwa sababu ukitaka kuliuza, wanaolitafuta ni wachache. Magitaa yasiyo na kichwa, kama ya Strandberg, ni mepesi na yametulia mwilini, lakini vipuri vyake si vya kila fundi.

Lolote utakalochagua, libonyeze kila freti (vipande vya chuma vilivyokatiza shingo), uzi kwa uzi, usikilize kama kuna panapokwaruza. Kisha vuta nyuzi kwa nguvu na uangalie kama tyuni imebaki. Lipige umekaa, halafu usimame nalo kwa dakika 15.