TAHADHARI MAFUNDI: testa ya laini za simu za waya, shilingi 380,000, ndani ni chuma na gundi

Wakuu, nimepigwa changa la macho Kariakoo na naona aibu hata kuandika. Ingekuwa hela peke yake ningenyamaza. Lakini jana dogo ninayefanya naye kazi amerushwa na laini ya simu akiwa juu ya ngazi, kwa sababu ya kitu nilichomkabidhi mimi kwa mkono wangu. Kwa hiyo nasema.

Testa yangu ya zamani sinayo tena. Wiki tatu nimehangaika na multimita na simu ya fundi ya kuazima, ile ya kubana kwenye nyaya usikilize mlio. Siku napanda ngazi za nyuma za lile ghorofa la duka nilikuwa na shida kweli, na nadhani jamaa aliyeniuzia aliiona usoni.

Kijana nadhifu, kalamu mfukoni, anaongea taratibu. Hakunivuta shati. Aliniuliza kwanza: "Fundi, unapima laini za sauti tu, au na zenye data?" Jamani, nani Kariakoo anauliza swali hilo? Nikamwambia zote. Akasema basi usichukue ile ya njano, ukiibana kwenye laini yenye data intaneti ya mteja inakatika, chukua hii. Na hilo ni kweli, simu za fundi za kizamani zina tabia hiyo kwenye jozi ya nyaya yenye ADSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu. Mtu anayelijua nikamwona mwenzetu. Akaniambia naye amepanda nguzo miaka mingi, akanionyesha na kovu kwenye kiganja.

Boksi akalifungua mbele yangu, nailoni haijaguswa. Ukutani palikuwa na soketi ya simu. Akabana kibanio chekundu, akabana cheusi, akanipa niweke sikioni. Mlio upo, safi kabisa. Akabonyeza kitufe cha data, skrini ikahesabu kama sekunde 20, namba zikaanza kushuka moja moja: imeunganika, upotevu wa mawimbi njiani desibeli 18.5, nafasi juu ya kelele desibeli 11. Nikamwambia rudia. Akarudia. Zikaja zilezile, hadi pointi. Nikafurahi! Nikasema moyoni kifaa hiki kimetulia. Laini halisi ukiipima mara mbili kelele lazima icheze kidogo, hilo nimewafundisha wengine, na bado nilisimama pale natikisa kichwa kukubali.

Kulikuwa na mzee pembeni, akadakia kwamba yake ina mwaka wa pili haijasumbua. Leo siamini kama yule mzee alikuwa mteja. Nikatoa 80,000 mkononi, 300,000 nikatuma kwa simu. Jina lililotokea halikuwa lake, akasema ni la shemeji yake. Nikapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono yenye muhuri, na ahadi ya mwaka mmoja.

Kazi ya kwanza Upanga, 18.5. Ya pili Tabata, 18.5. Yule mama wa Tabata alikuwa analalamika intaneti inakatika kila jioni. Nikamwonyesha skrini, nikamwambia laini yako nzima, ruta ndiyo mbovu. Akanunua ruta mpya kwa neno langu. Shida ilikuwa kwenye kiungo kilichooza nje, futi sita kutoka mlangoni kwake.

Jumanne usiku nimeiweka kitandani, vibanio vinaning'inia hewani, nikabonyeza kitufe. Imeunganika. 18.5. Imeunganika na nini, na shuka?

Nilipaswa kuitupa usiku uleule. Nikajiambia upande wa sauti si unafanya kazi, tuitumie kwa mlio tu. Hapo ndipo nilipokosea kuliko kote, na silali.

Jana dogo kapanda, kaibana kwenye jozi, kaining'iniza mkandani kwa ile klipu yake ya chuma. Jasho, mkono mmoja kwenye bomba la chuma la nguzo. Simu ya mteja ikaita. Mnajua laini ikiwa imetulia ina kama volti 48, haisumbui mkono mkavu. Ikiita inapanda umeme wa kugeuka wa karibu volti 90. Nilimsikia akipiga kelele, mguu mmoja ukaachia ngazi. Alidaka waya wa kushikilia nguzo, Mungu mkubwa. Kifundo cha mkono kimevimba, ila yupo.

Nimeifungua jana hiyohiyo. Hamna fyuzi. Hamna hata kifaa kimoja cha kuzuia umeme mkubwa ukiingia. Waya mmoja wa jozi umelala juu ya skrubu ya klipu ya mkandani, yaani laini ilikuwa kiunoni mwa dogo muda wote. Na kuna kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi ili ukiishika uhisi uzito wa kitu cha maana. Huyu mtu amekaa akafikiria, akatafuta chuma, akakipaka gundi! Hajabahatisha. Huyu afungwe, duka lifungwe, na mwenye jengo aulizwe anampangisha nani. Ingekuwa radi ya masika, au waya wa TANESCO umeangukia wa simu kama tulivyoona mara ngapi, sasa hivi ningekuwa nawaandikia habari nyingine kabisa.

Mnaotaka dalili: namba hazibadiliki. Ipime bila kuibana popote, ikikuambia imeunganika, ondoka. Ukiweza nenda na modemu yako, fungua ukurasa wake wa hali ya laini, linganisha, maana nyumba ya jirani na kituo na nyumba ya kilomita nne haziwezi kuwa na upotevu mmoja. Maandishi ya CAT III 600V, yale ya daraja la usalama wa kipimo, kwenye yangu ni stika, inatoka kwa ukucha. Vibanio havina mpira hadi mwisho. Na hata mwenye testa halali, pima kwanza volti kwa multimita, kila waya na ardhi, kabla hujabana chochote. Ukikuta kitu cha volti 200 hapo ni umeme wa nyumbani umeingia, shuka. Usiweke multimita kwenye omu, yaani kupima ukinzani, laini ikiwa hai. Wingu likinguruma usipande, mteja atasubiri.

Ila mimi sitaki tuishie kwenye dalili, nataka huyu mtu akamatwe. Namba yake haipatikani tangu juzi. Dukani wananiambia yule alikuwa "kijana wa kupanga meza" tu, hawamjui. Hawamjui na muhuri ni wao! Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, nawapelekea na lile chuma na gundi yake. Ile hela sijui kama itarudi, ya ruta ya mama wa Tabata nimeshamlipa.

Jumatatu saa 3 asubuhi nipo Kituo cha Polisi Msimbazi na boksi zima. Mwenye risiti yenye muhuri huohuo aje nayo, tuingie pamoja.