Uzoefu wangu na kanga wa mashine: nilinunua 40 nikitarajia kanga wa porini

Nimekaa na ndege hawa, waliototolewa na mashine badala ya mama, mwaka mmoja na miezi minne hapa Kiryandongo, Uganda, upande wa Kigumba. Naandika kwa sababu kila wiki mtu ananiuliza kama anunue.

Aliyeniuzia alikuwa akitangaza "kanga mbegu ya porini". Nilimpigia simu, akaniambia, "Kaka, hawa ukishawaachia huna kazi tena. Wanajitafutia chakula, usiku wanapanda mti." Nilichotaka ni hicho hasa. Kupe wananisumbulia ng'ombe, mchwa wananimalizia mahindi, na kanga anakula vyote viwili. Nikachukua vifaranga 40 wa wiki mbili, shilingi 12,000 kila mmoja. Walifika kwa bodaboda, wote wazima, boksi lina matundu na maranda makavu. Hapo nampa haki yake.

Kifaranga wa kanga havumilii baridi wala unyevu. Usiku mmoja sigiri ilizima, asubuhi nikakuta saba wamekufa wakiwa wamelaliana. Hilo ni kosa langu. Jambo jingine, chakula cha vifaranga wa kuku kiliwapungukia nguvu, maana kanga mdogo anataka protini nyingi zaidi. Nilipowasagia mukene, yaani dagaa, na kuwachanganyia, walianza kukua vizuri. Mpaka wiki ya kumi niliwapenda sana, walinifuata kama watoto nikishika debe la chakula. Sikujua kwamba kunifuata kwao ndiko kutakakowaua.

Nilipowafungulia, siku ya tatu mbwa wa jirani aliingia shambani. Kanga wangu walisimama wakamtazama. Halafu, badala ya kutawanyika, wakakimbilia nyumbani wakiwa kundi moja, na mbwa katikati yao. Sita wakaenda pale pale.

Mzee wangu alikuwa mwindaji wa kanga, kwa wavu na mbwa, miaka ya kabla uwindaji haujapigwa marufuku nchini mwaka 1979. Mimi mtoto nilikuwa mbeba wavu. Kanga wa porini hakuwa mchezo. Kundi likila, daima kuna shingo moja iliyo juu. Akishtuka haruki kwanza, anakimbia, tena anakimbia kwa kujificha, anajua kila upenyo kwenye nyasi. Ndiyo maana wavu uliwekwa kwenye upenyo na mbwa wakaachiwa kutoka nyuma. Ukimbana sana ndipo anaruka, na akishatua juu ya mti mkubwa umemkosa. Siku nyingi tulirudi mikono mitupu, na mzee hakulalamika. Alimheshimu yule ndege. Nilipowaona kanga wangu wakimkodolea mbwa macho, nilimkumbuka nikaumia moyo.

Usiku ulikuwa mbaya zaidi. Mwembe uko hatua 20 kutoka bandani, lakini hawakuupanda. Walilala chini kando ya ukuta, mahali walipozoea kuona taa. Nguchiro na mondo waliwapunguza mpaka wakabaki 19. Nikaanza kuwafungia bandani tena, na ile habari ya "huna kazi tena" ikaishia hapo.

Mwezi wa pili, kiangazi, kundi la porini lilikuja kuokota mahindi yaliyomwagika kwenye mpaka wa shamba. Nilikaa chini ya mti nikalinganisha. Wale wa porini wembamba, nyama za mashavuni ni za buluu. Wangu wazito, uso mweupe, mashavuni wekundu, na wawili wana manyoya ya kijivu laini ambayo sijapata kuyaona porini. Basi ile "mbegu ya porini" haikuwa kweli, na ningetazama mashavu nisingehitaji kuuliza. Kipanga alipopita juu, wa porini walizama kwenye nyasi kabla mimi sijainua kichwa. Wangu waliendelea kudonoa.

Simlaumu ndege. Aliyetotolewa na mashine hakuwa na mama wa kumwambia kipanga ni nini.

Kilichonisaidia ni kuku wa kienyeji. Majike yalipoanza kutaga, nilichukua mayai 14 nikamwekea tetea mmoja mtulivu. Ya kanga huchukua siku 26 hadi 28, ya kuku 21, kwa hiyo chagua tetea asiyechoka kuatamia. Walitotolewa 11. Asubuhi niliwazuia ndani mpaka umande ukauke, mengine nikamwachia mama. Alipolia kwa kuona mwewe, wote walijibana chini ya mbawa zake. Leo wako tisa, na saba wanalala juu ya mwembe. Hawajafika kwa wale wa mzee, lakini mbwa akija shingo zinainuka.

Ukisikia hivi usiende porini kuiba mayai. Kanga wa porini ni mnyamapori kisheria, na kumfuga au kumwinda kunahitaji kibali kiitwacho haki ya matumizi kutoka UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda: daraja A ni uwindaji, daraja B ufugaji. Niliwaachia wale wa mpakani wajiendee zao.

Kwa nyama na mayai, kanga wa mashine ni wazuri. Nyama ni nyingi kuliko ya porini na laini zaidi, ingawa mama watoto anasema ya zamani ilikuwa na ladha, nami nakubaliana naye. Kupe wamepungua nilipowatoa mchana na kuwafungia jioni. Kama una banda imara na mtu wa kuwaangalia, nunua. Kama unanunua ili uwasahau shambani, pesa yako itaishia tumboni mwa mondo.

Mimi kwa mfugaji yule nitarudi, ila nitachukua mayai. Nina matetea wawili wanaotafuta pa kuatamia.